Namba Themanini na Nne

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, usijali. Nitakueleza kwa ufupi ujinga wangu ulipofikia.

Mimi ndiye ninayeandika kaulimbiu za chama chetu. Chaguzi tatu mfululizo, mabango uliyoyaona ukutani na maneno yaliyochapwa kwenye fulana yalitoka kichwani mwangu. Ofisini wananiita Kalamu. Na ni mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, niliyemleta mdogo wangu pale ofisini awe mpiga chapa.

Tumezaliwa wawili tu. Yeye ndiye wa mwisho, kwa hiyo nyumbani tunamwita Kitinda. Anaishi kwangu, chumba cha uani, na tangu aanze kazi hajawahi kunivunjia heshima hata siku moja. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu akikukosea unajua pa kuanzia.

Miezi mitatu haikuisha, Katibu wa chama akaacha kuniita peke yangu. Ikawa, "Kalamu, njoo, na mdogo wako aje." Kisha ikawa, "Kitinda, njoo. Mwambie dada yako aendelee na zile barua."

Nikaendelea na zile barua. Wiki jana niliungama jinsi nilivyomwaga chai juu ya rasimu yake na kujifanya ni bahati mbaya. Alinifutia na mikono, akasema nisiwe na wasiwasi, ana nakala nyingine kwenye droo.

Sasa sikilizeni ya wiki hii.

Jumatatu tulikaa kikao cha kuchagua mada za kampeni. Mzee wa Takwimu, ambaye kazi yake ni kupita mitaani kuuliza watu wana shida gani, alisoma orodha yake. Maji. Hospitali. Ajira. Hati za viwanja. Akataja na asilimia zake, moja baada ya nyingine, mpaka mweka hazina akaanza kusinzia.

Katibu akagonga meza.

"Hatuendi kwa wananchi na mambo manne. Mtu akifika nyumbani ameshasahau matatu. Nataka jambo moja linaloyabeba yote. Nani analo?"

"Maendeleo," nikasema haraka, kabla ya mtu yeyote.

Mzee wa Takwimu akakohoa. "Kalamu, hiyo tuliimaliza."

"Lini? Uchaguzi uliopita tulisema Chama Kinachojali."

"Na ule wa kabla yake?"

Ule wa kabla yake ulikuwa Maendeleo.

Katibu akageuka upande wa dirishani, alikokaa Kitinda akiandika muhtasari. Akamtabasamia. Miaka kumi na mitano nimefanya kazi na mtu yule na sijui kama nimewahi kuyaona meno yake ya nyuma. Siku hiyo niliyaona yote.

"Kitinda, wewe unasemaje?"

"Nitaandika, mheshimiwa," akajibu, wala hakuinua kichwa.

Nitaandika! Kama bibi harusi. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakapata moto.

Nieleze kidogo utaratibu wetu, maana bila huo hutaelewa nilivyojinyonga. Kila mwenye wazo anaandika ukurasa mmoja bila jina, unachapwa kwa mashine moja, unatiwa kwenye bahasha ya rangi. Halafu tunawaalika watu wa kawaida ukumbini, tunawasomea kurasa hizo, na kila mmoja anapewa kizibo cha soda. Kila bahasha ina kopo lake, lenye karatasi ya rangi ile ile. Ukurasa uliokugusa, unatia kizibo chako kwenye kopo lake. Aliyeandika hujulikana baada ya vizibo kuhesabiwa, ili sura ya mtu isitangulie maneno yake.

Na anayesoma hawi mmoja wa walioandika. Kila mara tunamkodi mtangazaji wa redio, mwenye sauti nzito na suti ya kijivu.

Alhamisi asubuhi mtangazaji akapiga simu. Sauti haikutoka. Tulisikia mluzi tu, kisha mke wake akachukua simu akasema koo limemkauka tangu jana.

Watu ishirini na wanne walikuwa wameshakaa ukumbini. Katibu akaniita pembeni.

"Kalamu, tufanyeje?"

"Nitasoma mimi."

"Wewe una bahasha humo."

"Ninayo. Lakini za wenzangu sizijui, mheshimiwa, na wewe yangu huijui. Ukiogopa nitajipendelea, basi nakuahidi, yangu nitaisoma kwa sauti ya chini kuliko zote."

Akacheka, akanipiga bega. "Wewe ndiye mtu mzima pekee katika ofisi hii."

Kumbukeni ahadi hiyo. Mimi niliisahau nilipopanda jukwaani.

Nilianza na bahasha ya kijani. Sentensi ya kwanza ilikuwa na asilimia sabini na mbili, kwa hiyo nikajua ni ya Mzee wa Takwimu, nikaisoma kawaida. Watu wakapiga miayo kawaida.

Ya pili ilikuwa ya bluu, yangu. Mageuzi Imara kwa Maendeleo Endelevu. Jamani, niliisoma! Nilipandisha, nikashusha, nikanyoosha kidole juu. Nilipomaliza, mzee mmoja wa mstari wa mbele aliamka na kupiga makofi.

Ikabaki ya njano. Kwa hesabu rahisi, ni ya Kitinda. Yeye mwenyewe alikuwa kando ya ukuta na kapu la vizibo, akisubiri kuvigawa. Nikasema moyoni, leo nitakuzika mdogo wangu, na hakuna atakayeliona kaburi. Nikaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya dawa ya kikohozi.

"Mama yetu alipewa kadi namba themanini na nne."

Nikasita. Nikaendelea, chini chini.

"Tulifika hospitali saa kumi na mbili asubuhi. Saa tisa alasiri walikuwa wameita sitini na moja. Mama hakulalamika. Aliuliza tu, wamefika ngapi? Nikimwambia, anasema, basi bado kidogo. Alikaa kwenye benchi, na watoto wake wawili, mmoja huku na mmoja huku."

Hapo nikameza maneno. Nikayapita.

"Samahani, mama," akasema mwanamke mmoja aliyevaa futi ya kupimia shingoni. Alikuwa fundi cherehani. "Rudia hapo pa watoto. Umepameza. Sisi tumeacha kazi kuja kusikiliza."

"Watoto wake wawili," nikasema. "Mmoja huku. Na mmoja huku."

Machozi yakanitoka mbele za watu.

Sasa ngoja niwaambie jambo. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya hadithi hii niliandika kwamba mama alifia mikononi mwetu, mimi na mdogo wangu. Nilipokea barua nyingi za pole kutoka kwenu. Niliwadanganya hata ninyi.

Mimi sikuwepo kwenye benchi lile. Nilikuwa ofisini, nimefunga mlango, simu nimeitia kwenye droo. Nilikuwa natafuta maneno ya uchaguzi uliopita. Siku mama alipokufa akisubiri namba yake, mimi nilikuwa naandika Chama Kinachojali.

Jioni nilipoitoa simu nilikuta nimepigiwa mara kumi na moja na namba nisiyoijua. Nikadhani ni mtu anayetaka fulana.

Msibani watu waliuliza, mlikuwa naye? Nikajibu, tulikuwa naye. Kitinda alisikia. Aliinamisha kichwa na hakusema neno, siku ile na miaka mitano yote iliyofuata. Na hapa, kwenye ukurasa wake usio na jina, alikuwa amenikalisha tena pembeni ya mama.

Nikasoma mpaka mwisho nikilia. Alikuwa ameandika kwamba maji ni kusubiri, hospitali ni kusubiri, kazi ni kupeleka barua na kusubiri, hati ya kiwanja ni kusubiri. Mambo manne ya Mzee wa Takwimu, yote ndani ya neno moja. Na mwisho kabisa, peke yake kwenye mstari: Umesubiri vya Kutosha.

Nitasema ukweli wangu wote. Hata nikiwa nalia, kuna sehemu ndani yangu iliyokuwa inauliza, kwa nini sikuliona mimi? Nililia kwa ajili ya mama, na nililia kwa sababu ukurasa ule ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kuandika.

Viti vikaburuzwa. Vizibo vilidondoka kwenye kopo moja mpaka likasikika mtaa wa pili.

Njano ishirini na moja. Bluu viwili. Kijani kimoja. Kimoja cha bluu ni cha yule mzee aliyeamka akipiga makofi. Cha pili sikujua ni cha nani, nikasema tu, Mungu ambariki.

Katibu alipanda jukwaani macho yakiwa mekundu.

"Mama ni mmoja," akasema, "na mabinti ni wawili. Sihitaji kuuliza ni nani ameandika. Kalamu, uliniahidi yako utaisoma kwa sauti ya chini kuliko zote. Mtu mwingine angeipigia kelele. Wewe uliinong'ona mpaka ikakushinda. Ni yako, siyo?"

Nikamtazama Kitinda. Alikuwa ameshika kapu tupu. Alikuwa ananitazama bila hasira, ananisubiri tu.

Neno moja lingetosha. Nililijua, nililihisi kwenye ulimi. Halafu Katibu akatabasamu, na nikayaona yale meno ya nyuma, safari hii yakiwa yangu.

"Ndiyo, mheshimiwa," nikasema.

Makofi. Kitinda akaweka kapu chini, akaja, akanikumbatia mbele ya wote.

"Hongera, dada."

Jioni ile nilimkuta jikoni anapiga pasi sare ya kazi. Nikazunguka meza mara mbili. Nikafungua kabati, nikalifunga.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Niseme nini na wewe umeshasema?"

"Ungeweza kunikatalia pale pale."

"Mbele ya watu, dada? Nikuumbue?" Akaligeuza shati. "Vile viwili vya bluu, kimoja nilitia mimi. Nilibakiwa na kizibo kimoja, mtu mmoja alikataa kupiga kura. Nikakuonea huruma."

Sikuweza kukaa wala kusimama. Mungu ambariki, nimesema. Basi ndiye huyo.

"Kitinda, nitamwambia Katibu. Kesho."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Akaiweka pasi wima. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Nilipoandika watoto wawili, nilikuwa nakupa nafasi pale. Nilijua inakuuma, nikasema nikupe nafasi, yaishe. Sikujua utalitaka benchi lote."

Akachukua nguo zake akaenda uani. Nilibaki na harufu ya pasi.

Kesho yake sikumwambia Katibu. Nilifika nimejiandaa kabisa, nimelala na maneno, nimeamka nayo. Nikakuta meza yangu imehamishiwa chumba cha mbele, chenye zulia, na mlangoni kuna karatasi mpya: Mkuu wa Kampeni. Nikasema nitamwambia Jumatatu.

Jumatatu Katibu akaniwahi.

"Kalamu, Jumamosi tunazindua. Wewe utasimama na kusimulia mwenyewe habari ya benchi. Lakini wapinzani wetu nawajua, watasema tumetunga. Una chochote cha siku ile? Cheti? Kadi?"

"Kadi ipo," nikasema. Ilinitoka tu.

Ipo, lakini kwa Kitinda. Miaka mitano ameihifadhi ndani ya kopo la majani ya chai pamoja na pete ya mama. Nilimwomba siku hiyo hiyo, nimesimama mlangoni pake kama mgeni. Hakuuliza ni ya nini. Alinipa.

"Umeiangalia vizuri?" akaniuliza.

"Nimeiangalia. Themanini na nne."

"Haya."

Nikampelekea Katibu. Akaishika kwa vidole viwili, kwa heshima. Akaigeuza. Mimi sikuwa nimeigeuza.

"Oho. Nyuma kuna namba ya simu, imeandikwa kwa kalamu. Ya nani hii?"

Nikaitazama. Tarakimu tatu za mwisho zilikuwa sifuri, tisa, tisa. Nilikuwa nimeziona kabla, mara kumi na moja, jioni moja, kwenye kioo cha simu yangu.

"Sikumbuki, mheshimiwa."

"Tutapiga tujue," akasema, na akapiga pale pale. Alizungumza kidogo, akasikiliza sana. Alipoiweka simu chini alikuwa anang'aa.

"Ni muuguzi aliyekuwa zamu! Amestaafu, anakaa mjini hapa hapa. Anakumbuka kila kitu. Anasema, tangu siku ile hajamsahau binti yule. Nimemwomba asimame na wewe jukwaani. Anakuja Jumatano mfahamiane."

Binti yule. Katibu hakusikia alichokisema. Mimi nilikisikia siku mbili nzima, nikila, nikioga, nikijifanya nasoma hotuba.

Nilifikiria kuugua. Nilifikiria kumpigia mtangazaji wa redio anifundishe kukausha koo. Jumanne jioni nilisimama nje ya chumba cha Kitinda, nikainua mkono kubisha, nikaushusha. Ningemwambia nini? Nisaidie kukuibia vizuri zaidi?

Jumatano saa nne wakabisha hodi.

Alikuwa mama mfupi wa miaka sitini hivi, miwani mikubwa, mkoba ameukumbatia kifuani. Katibu akamkaribisha kiti. Kitinda alikuwa kwenye mashine yake pale kona, anachapa hotuba yangu.

"Mama, huyu ndiye," Katibu akasema, akinishika bega. "Huyu ndiye binti wa benchi."

Nikampa mkono. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa ukingo wa gauni, akaivaa, akanitazama tena. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Umri umekwenda," akasema kwa adabu, kama mtu anayetafuta njia ya kutoka. "Watu hubadilika."

Katibu akacheka. "Miaka mitano, mama! Hata mimi nilikuwa na nywele."

Mashine ya Kitinda ikanyamaza. Akainuka taratibu, akakusanya karatasi zake, akaanza kutoka, uso ameuelekeza ukutani. Nawaapia, alikuwa anajaribu kuniokoa. Alikuwa na hatua tatu tu za kufika mlangoni.

"Wewe," akasema muuguzi.

Kitinda akasimama.

"Geuka, mwanangu."

Akageuka. Mama yule akaacha mkoba uanguke sakafuni. Alimshika uso kwa mikono miwili, akaanza kulia bila sauti, na Kitinda naye akalia. Siku ya mazishi hakulia. Ofisi nzima ilisimama. Mkono wa Katibu ulikuwa bado begani kwangu, na niliuhisi ukiondoka, kidole kimoja kimoja.

"Mtoto huyu," muuguzi akamwambia Katibu, "alimshika mama yake peke yake kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja, akikataa tumtoe. Simu yake ilikuwa imezimika. Nikampa yangu. Alikuwa anampigia dada yake."

Akajifuta macho, akamrudia Kitinda.

"Nimejiuliza miaka yote hii, mwanangu. Ulipiga mara kumi na moja, mimi nikihesabu. Yule dada yako, mwishowe alipokea?"

Katibu alinigeukia. Hakuwa anatabasamu.

Kitinda hakumtazama muuguzi. Alinitazama mimi, macho yamelowa, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe hakunifichia aibu.

"Dada," akasema, "mjibu wewe."